Siku ya Kufungua Kamera

Asubuhi ya siku ya kukusanya kadi za kamera, Dorkasi hakuweza kunywa chai. Aliikoroga mpaka ikapoa, kisha akakaa anaitazama kama vile chai ndiyo iliyotakiwa kuanza mazungumzo.

"Leo umevaa khanga ya Pasaka kwenda kuangalia nyegere," Emiliana alimwambia. Emiliana alikuwa mwenzake wa kazi na wa chumba pale kambini, mwanamke ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite bila kulitia neno. "Nyegere mwenyewe ana bahati."

Dorkasi hakujibu. Si kwamba majibu hakuwa nayo. Alikuwa nayo mengi siku zote, ila yalizoea kumfikia mdomoni wakati wenzake wameshaondoka. Na leo hata jibu likiwahi, hakuwa na ruhusa ya kulitoa. Alikuwa ameahidi. Ahadi hiyo ndiyo iliyomharibia chai, kwa sababu kabla ya saa kumi jioni Taufiq angetaka kusikia neno moja kutoka kwake, na asipolisikia, angeondoka Kongwa kwa miaka miwili.

Alivaa jaketi la kazi juu ya khanga, akashusha mikono ya jaketi mpaka ikafunika viganja, akatoka.

Kazi yao ilikuwa kuirudisha nyika. Ndivyo alivyomweleza baba yake, mzee Sostenes, siku alipoajiriwa, na baba yake akauliza kwani nyika ilikuwa imekwenda wapi. Ilikuwa imekwenda kwenye magunia ya mkaa, kwenye mashamba yaliyochoka na kwenye matumbo ya mbuzi. Miaka minne iliyopita, kutoka kambini hadi mlimani palikuwa na udongo mwekundu mtupu, na visiki. Watu wa mradi walipofika, wengi walidhani watakuja na miche kwenye malori. Wao wakaja na mikasi. Wakasema visiki vile havijafa, mizizi iko hai, na kila mwaka vinatoa machipukizi ishirini, thelathini, yanayogombana yenyewe kwa yenyewe mpaka yote yanadumaa. Kazi ni kuchagua matatu au manne yaliyo bora, kuyakata mengine, na kuyafunga yale yaliyochaguliwa kipande cha kitambaa chekundu.

Kitambaa ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko mkasi. Kijiji kizima kilikubaliana mkutanoni kwamba penye kitambaa hapakatwi. Mchoma mkaa akikiona anapita pembeni. Mchungaji akikiona anawafukuza mbuzi wake. Hakuna aliyeuliza nani alikifunga, wala kwa nini alilichagua chipukizi lile akaliacha hili. Limefungwa, basi.

Dorkasi alikuwa na jicho la kuchagua. Shule aliiacha darasa la tano, na kusoma kwake kulikuwa kwa pole pole, herufi moja baada ya nyingine, lakini kisiki alikisoma kwa kutazama mara moja tu. Ndiyo maana Taufiq alipoletwa kutoka ofisi ya Dodoma, na vyeti vyake vya chuo na kamera zake saba za porini, aliambiwa afuatane na huyu binti asiyeongea.

Akafuatana naye miaka miwili. Na kwa miaka miwili alimuuliza maswali. Huu mti unaitwaje? Kwa Kigogo je? Kwa nini ng'ombe wanayaacha haya majani na kula yale? Hili shimo ni la nani? Umejuaje? Mwanzoni Dorkasi alidhani anamdhihaki, maana katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu akasubiri jibu lote. Taufiq alisubiri. Angeweza kuchuchumaa kando ya kinyesi cha digidigi dakika kumi nzima, kalamu sikioni, anamtazama usoni mpaka jibu litoke. Kisha analiandika. Akaanza kumwita Mwalimu, na Dorkasi akaanza kupeleka daftari lake la shule la zamani porini, akichora nyayo za wanyama ambao majina yao hakuweza kuyaandika vizuri.

Wiki tano zilizopita, siku Taufiq alipokwenda Kolo, kule Kondoa, kufundisha vijana wa huko, alisimamisha pikipiki kwanza, akavua kofia ngumu.

"Mwalimu, nina swali la mwisho," alisema. "Nitume wazee kwa baba yako, au nisitume?"

Dorkasi alitazama tairi la mbele.

"Usijibu sasa, nakujua. Ofisini wanataka nibaki Kolo miaka miwili, kwenye vilima vyao vile. Nimewaambia nitawapa jibu siku nikija kuchukua kadi, kabla hawajafunga ofisi. Ukisema nibaki huku, nabaki. Ukinyamaza, nitajua umesema hapana, na sitakusumbua tena."

Pikipiki ikaondoka, na jibu la Dorkasi likafika vumbi lilipokwisha kutulia. Lilikuwa "ndiyo". Alilitamka peke yake, mara mbili, kulisikia lilivyo.

Angemwambia siku ya kadi. Hilo alikuwa ameliamua. Lakini wiki moja baadaye gari dogo jeupe likasimama pale njia ya magari inapoishia, na mama mmoja akashuka, amevaa shalwari na mtandio mrefu wa kijani, mkoba begani. Akatembea moja kwa moja kwenye vumbi mpaka alipokuwa Dorkasi na mkasi wake.

"Mbukwa," alisema yule mama.

Dorkasi aliitikia salamu ile ya kwao kabla hajapata muda wa kushangaa.

"Usinitazame hivyo. Nimezaliwa Dodoma mimi, na babu yangu alinunua ngozi na nta huku kwenu kabla baba yako hajaota jino. Naitwa Khairunissa. Taufiq ni mwanangu." Akamkagua toka kichwani hadi kwenye viatu vya matairi. "Na wewe ndiye Mwalimu. Kila akija nyumbani Chang'ombe ni Mwalimu kasema hivi, Mwalimu kasema vile. Mimi nilidhani ni mzee mwenye miwani."

Dorkasi akamwamkia shikamoo, akamkaribisha kivulini. Kivuli kilikuwa kimoja tu karibu, cha mkole ulio kando ya njia ya wanyama. Na juu ya shina la mti uliotazamana na mkole ule, kwenye mkanda wake na kufuli lake, ilikuwepo kamera namba nne. Dorkasi aliijua vizuri. Lakini kamera za porini hazina mlio wala taa inayoonekana mchana, na mtu anayefanya nazo kazi kila siku huzizoea kama anavyozoea nundu kwenye mti. Wazo la kamera halikumjia kabisa mpaka usiku, amelala, na hapo likamkalisha kitandani.

Mama Taufiq aliuliza maswali kama mwanawe. Dorkasi alilitambua hilo na likamchanganya, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumwogopa. Aliuliza hawa watu wana mifugo mingapi, wanakula nini kiangazi, na vitambaa vyekundu ni vya mizimu au ni vya nini. Dorkasi akamweleza kuhusu vitambaa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano, mama."

"Kwa nini uliacha?"

"Mama yangu aliugua. Nilimuuguza miaka miwili."

"Akapona?"

"Hapana."

Mama Taufiq akaurekebisha mtandio ambao haukuwa umeharibika. Akanyoosha mkono, akaomba aonyeshwe huo mkasi unavyotumika. Kilikuwepo kisiki cha mlama hatua chache kutoka pale, kina machipukizi mawili tu yenye uhai. Dorkasi akamwelekeza akate tawi dogo la pembeni. Mama akainama, akakaza meno, akakata. Likaanguka chipukizi lililonyooka, lile bora, lenye urefu wa mtoto wa miaka mitatu.

Wote wawili wakalitazama lilivyolala chini.

"Nimeua," mama alisema.

"Hujaua, mama. Hata mimi mwaka wa kwanza nilikata mengi hivyo hivyo."

"Hili lililobaki limepinda."

"Limepinda, ila mzizi ni ule ule. Likifungwa kitambaa watu wataliacha likue." Dorkasi akapapasa mfukoni. Vitambaa vilikuwa vimemwishia.

Hapo ndipo mama Taufiq aliposema lililomleta. Alilisema amesimama, mkasi bado mkononi, na hakupandisha sauti. Hakuja kumtukana mtoto wa watu, alisema. Lakini wao wanaswali na akina Dorkasi wanakwenda kanisani. Taufiq ni mwanawe wa pekee. Ndugu watauliza, na wakubwa wa msikiti watauliza, na hata baba yake Dorkasi, kama ni mzee mwenye akili, atauliza. Mapenzi ya watu wanaoonana kila siku porini ni rahisi, kwa sababu porini hakuna shangazi.

"Mwache aende Kolo," alisema. "Usimwambie kwamba nimekuja. Wala usimpe jibu. Usimpe neno lolote mpaka mvua zije na ziishe. Kama ni kitu cha kweli, mtakikuta mlipokiacha. Niahidi."

Angekuwa Emiliana, angepinga. Dorkasi alikuwa na vitu viwili vya kusema. Alichokisikia kikimtoka kilikuwa, "Ndiyo, mama."

Mama akaomba maji. Dorkasi akakimbia mpaka kwenye kibanda cha vifaa kuchukua dumu na kikombe, na aliporudi alimkuta mama ameshafika kwenye gari, anakung'uta vumbi. Alikunywa amesimama. Akashukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo Dorkasi aliomba kupangiwa kazi upande wa mlimani, mbali na mkole ule na kile kisiki. Hakutaka kukiona.

Pikipiki ya Taufiq ilifika saa nne, vumbi la Kondoa bado limemganda kwenye nyusi. Aliwasalimia wote, akamuuliza Emiliana habari za watoto, akacheka alipoambiwa amekonda kwa ugali wa Kolo. Lakini macho yake yalikuwa yakienda kwa Dorkasi na kurudi, kama mtu anayeangalia maziwa yaliyoko motoni.

Walikwenda wawili kufungua kamera. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Taufiq alikuwa na funguo za makufuli, Dorkasi alikuwa na majina ya wanyama. Walikusanya kadi zote saba, wakakaa kwenye turubai chini ya mkole, upande aliouchagua Dorkasi ili wakipe mgongo kile kisiki, kompyuta juu ya sanduku la vifaa, na Taufiq akaingiza kadi moja moja.

Kwa muda walikuwa kama zamani. Kadi ya kwanza ilijaa mbuzi wa mzee Bartolomayo, picha mia moja na kitu, na beberu mmoja ameiweka pua yake kwenye kioo cha kamera. Kadi ya pili ilikuwa na digidigi wawili na kanga. Ya tatu ilikuwa na nungunungu. Kwenye ya saba Taufiq alishika kichwa kwa mikono miwili. Mnyama mwenye masikio marefu na mgongo kama gunia alikuwa anapita katikati ya nyasi walizozipanda wenyewe.

"Mhanga," Dorkasi alisema.

"Uliniambia toka mwaka jana. Nikakwambia mashimo yale ni ya ngiri."

"Ulibisha wiki nzima."

"Nilibisha ili uendelee kuongea." Alisema hivyo huku anaandika, bila kuinua macho, na Dorkasi akavuta mikono ya jaketi ikafunika viganja zaidi.

Ikabaki kadi moja. Taufiq alikuwa ameiacha ya mwisho bila sababu yoyote. Ilikuwa ya kamera namba nne.

Alfajiri ile, kabla wenzake hawajaamka, Dorkasi alikuwa amekuja peke yake kwenye kamera ile. Alikuja na nia ya kuukata mkanda wake kwa mkasi na kuitupa korongoni, isemekane imeibiwa. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mkanda. Lakini hakuwahi kuharibu kifaa cha kazi maisha yake yote, na akiwa amesimama pale mbele ya kile kioo kidogo cheusi, kisiki kikiwa mgongoni kwake, likamjia jambo jingine. Akalifanya haraka kabla haya haijamrudia, akakimbia kambini.

Sasa alitamani angeitupa.

Picha zikaanza. Sungura. Kwale na vifaranga. Fisi, mgongo tu. Kamera ilipiga picha tatu kila kitu kilipopita, kwa hiyo kila mnyama alitokea mara tatu, kama anayekanusha kitu. Kisha ikatokea shalwari. Kisha mtandio wa kijani. Kisha uso mzima.

Taufiq aliacha kuandika.

"Huyu ni mama yangu," alisema. Akasogeza uso karibu na kioo. "Aliniambia siku hii anakwenda msibani Mpwapwa." Akamgeukia. "Mwalimu, mama alikuja hapa?"

Dorkasi alitazama mikono yake.

"Alikuja kukukataza?"

Nzi alitua kwenye sanduku, akatembea, akaruka.

"Dorkasi. Niambie neno moja tu."

"Fungua inayofuata," alisema.

Akafungua. Mama na Dorkasi kivulini, mama anaongea. Mama anasikiliza. Mama ameshika mkasi. Taufiq alitoa sauti fupi, kati ya kicheko na kikohozi. Mama ameinama. Kisha wanawake wawili wamesimama, vichwa chini, wanatazama kitu kilicholala kama watu walio kaburini.

"Alikata lipi?"

"Lililo bora."

"Lazima. Huyo ndiye mama." Lakini hakucheka tena, kwa sababu kwenye picha zilizofuata mama yake alikuwa amesimama wima anasema, na Dorkasi amejikunja mbele yake kama anayenyeshewa. Picha hazina sauti. Taufiq alizipitia zote tisa, moja baada ya nyingine, taratibu, na uso wake ukabadilika. Alipofika ile ambayo Dorkasi ameinamisha kichwa kukubali, aliirudia mara mbili.

"Alikutaka uninyamazie," alisema. Halikuwa swali. "Na wewe ukaahidi."

Machozi yalimjia Dorkasi, akayazuia kwa kutazama juu kwenye matawi.

"Basi sitakulazimisha uvunje," Taufiq akasema. "Siwezi kuanza na wewe kwa kukufanya mwongo kwa mama yangu." Akatazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa saba na nusu. Akanyoosha kidole kutaka kufunga kompyuta.

"Zimebaki," Dorkasi alisema haraka.

Akabonyeza. Picha hii Dorkasi alijua itakuwa ya njia tupu, kwa sababu hapo ndipo yeye alipokwenda kuchukua maji. Haikuwa tupu. Mama Taufiq alikuwa amebaki peke yake, na alikuwa amerudi kwenye kile kisiki. Kwenye picha ya pili alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, shalwari nyeupe na kila kitu, ncha ya mtandio mdomoni, anaichana kwa meno. Kwenye ya tatu mikono yake ilikuwa kwenye lile chipukizi lililopinda. Alikuwa amelifunga ukanda wa kijani, na ameinamisha kichwa kuangalia kama fundo limeshika.

"Hii sikuiona," Dorkasi alisema. Alisogea bila kujua, bega lake likagusa la Taufiq. "Nilikwenda kuchukua maji. Sikumwona."

"Mama hajawahi kuchana hata gazeti," Taufiq alisema. "Ule mtandio alipewa na dada yake." Akaikuza picha mpaka ule ukanda wa kijani ukajaa kioo kizima. "Alijua maana yake? Ya kitambaa?"

"Nilimweleza mwenyewe."

Walikaa wakiitazama. Kisha Taufiq akaendelea, pengine kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Siku zikapita kwenye kioo. Digidigi alinusa ule ukanda, akarudi nyuma, akapita pembeni kama vile na yeye alikuwepo mkutanoni. Nyegere. Kanu. Usiku, mchana, usiku. Na mwisho kabisa, tarehe ya leo, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi.

Ilikuwa khanga ya Pasaka.

Picha ya kwanza Dorkasi alikuwa anatazama pembeni. Ya pili alikuwa anatazama chini. Ya tatu alikuwa anaitazama kamera sawasawa, macho kwa macho, kama ambavyo hajawahi kumtazama binadamu yeyote, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa mbele ya kifua. Kwenye kifundo cha mkono kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu.

Taufiq aliitazama picha ile muda mrefu sana. Dorkasi alisikia njiwa, akasikia pikipiki ya mtu mbali barabarani. Aliwaza kwamba huenda hakuelewa. Aliwaza kwamba anaelewa na anaona aibu kwa niaba yake. Kisha Taufiq akageuka pole pole, akaushika ukingo wa mkono wa jaketi kwa vidole viwili, akasubiri, kama alivyozoea kusubiri jibu. Dorkasi hakuuvuta mkono. Akaupandisha ukingo ule. Kitambaa kilikuwepo.

"Nani amekifunga?" Taufiq aliuliza.

Dorkasi alijiwekea mkono kifuani.

Taufiq akasimama, akatembea hatua kumi, akarudi. Akatoa simu, akapiga ofisini, akawaambia watafute mtu mwingine wa kwenda Kolo, na walipouliza sababu akasema ana kazi huku ambayo hajaimaliza. Kisha wakaenda pamoja mpaka kwenye kisiki cha mlama. Ukanda wa kijani ulikuwepo, umepauka kidogo kwa jua. Mvua zilikuwa bado mbali, lakini mlama hausubiri mvua, na juu ya fundo la mama, kwenye ule mpindo wenyewe, palikuwa na majani machanga yanayong'aa.

Akapiga simu ya pili, akaiweka sauti ya nje.

"Mama, msiba wa Mpwapwa ulikwendaje?"

Upande wa pili palikuwa na kelele za duka, vitambaa vinapimwa. Kisha kelele zikapungua, kama mtu aliyeingia chumba cha ndani.

"Yule binti kasema?"

"Hajasema. Kamera imesema. Yeye mpaka dakika hii hajanipa neno, mama. Yupo hapa, ananyamaza kama ulivyomtaka."

Dorkasi alijua kwamba yako mengi mbele, ya baba yake na ng'ombe, ya msikiti na kanisa, ya mashangazi wa pande zote mbili, na kwamba hakuna hata moja lililokuwa limekwisha.

"Na kile kisiki changu?" mama aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kimekufa?"

Taufiq aliinyoosha simu kwa Dorkasi, akaishikilia kati yao. Na kwa mara ya kwanza maishani, jibu lake likafika mtu akiwa bado yupo.

"Shikamoo mama," Dorkasi alisema. "Hakijafa. Kimetoa majani."

"Marahaba." Pumzi ilisikika. "Mangapi?"

"Sijayahesabu."

"Basi yahesabu. Mimi nasubiri."

Dorkasi akapiga magoti pale pale mama alipopiga magoti, akalishika chipukizi lililopinda kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alihesabu taratibu, moja baada ya jingine, asije akaruka hata dogo. Alipofika kumi na moja alinyamaza kidogo kugeuza tawi, na upande wa pili wa simu mtu akasema, "Endelea."